Sura ya Saba: Nani Alimpangia John Cena Kushindwa?

"Kwani hawajui kwamba mambo yale yamepangwa?"

Hili ndilo swali ambalo asiyependa mieleka humwuliza anayeipenda. Mama huliuliza anapomtuma mtoto dukani akachelewa kurudi kwa sababu amesimama mbele ya skrini ya watu. Mwalimu huliuliza Jumatatu asubuhi akiwakuta wanafunzi wa darasa la saba wakibishana kuhusu mkanda. Mzee huliuliza akipita nje ya kibanda cha video, akisikia vijana wazima wakipiga makelele utadhani ndugu yao ndiye aliyebwagwa chini. Jibu lake fupi ni hili: wanajua, na wamejua siku nyingi. Jibu refu linahitaji sura nzima, kwa maana linahusu kile hasa ambacho watu hawa hukitazama, na kwa nini hukasirika kwa dhati juu ya matokeo ambayo wanafahamu yaliandikwa ofisini.

Tuanzie Bangale. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, ukishaipita Ukasi na kabla hujafika Madogo na daraja la mto Tana. Ni nchi kavu, joto lake halina masihara, na malori ya mifugo hayakauki njiani. Waorma, Wasomali, Wamunyoyaya wa upande wa mtoni na wafanyabiashara kutoka Ukambani hukutana hapo. Soka ya Uingereza ndiyo inayowakusanya wengi zaidi mbele ya skrini, lakini mieleka nayo ina watu wake, nao ni watu wa ubishi.

Jumamosi tarehe 13 Desemba 2025, katika ukumbi wa Capital One mjini Washington, nyota wa mieleka wa Marekani John Cena alipigana pambano lake la mwisho. Usiku wa Washington kwetu ni alfajiri ya Jumapili. Wachache sana walikuwa macho. Wengine walipata habari baada ya swala, kwenye simu, kwa vipande vifupi vya video vinavyotumwa kutoka mtu hadi mtu: Gunther, jitu la kutoka Austria, kamkaba Cena shingo kwa nyuma, Cena anatabasamu, kisha anapigapiga kwa mkono, ishara ya kusema basi, nimeshindwa. Kabla chai ya asubuhi haijaisha, ubishi ulikuwa umeshika moto katika vijiwe vya mashabiki kote Afrika Mashariki, na Bangale haikuachwa nyuma.

Ukisikiliza ubishi huo kwa makini, utagundua kuwa hakuna aliyeuliza kama Gunther ana nguvu kuliko Cena. Waliuliza kama ilikuwa haki.

Kilichopangwa na kisichopangwa

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyobeba jina moja. Kuna mieleka ya mashindano, ile ya Olimpiki, ambapo watu wawili hukamatana na mshindi hajulikani mpaka mwisho. Halafu kuna mieleka ya burudani, ile ya WWE, kampuni ya Marekani iliyoitwa WWF hadi mwaka 2002. Hii ya pili ndiyo inayozungumziwa katika sura hii. Ndani yake mshindi huchaguliwa kabla, visa huandikwa na waandishi, na wapiganaji hukubaliana juu ya hatua kubwa za pambano.

Siri hiyo haijafichwa kwa muda mrefu. Mwaka 1989 kampuni yenyewe, chini ya Vince McMahon, iliwaambia watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba inachofanya ni burudani, ili isisimamiwe na kutozwa kama ndondi. Vijana wengi wanaobishana leo Bangale hawakuwa wamezaliwa. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya 1990, runinga za Kenya zilipokuwa zikionyesha WWF, ndio tulioamini kila kitu. Tuliambiana kwamba Undertaker amekufa mara saba na kufufuka mara saba, na hakuna aliyethubutu kupinga. Kizazi cha sasa kina simu. Kinajua jina halisi la mpiganaji, mkewe, mshahara wake unaodhaniwa, na siku mkataba wake unapokwisha.

Lakini kupanga mshindi si kupanga kila kitu. Uzito wa mwili haupangwi. Sakafu ya ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikatandikwa godoro jembamba na turubai. Mpiganaji hujifunza kwa miezi mingi namna ya kuanguka: kidevu kifuani, mgongo wote utue kwa pamoja, mikono ipige sakafu kutawanya kishindo. Akikosea kidogo, shingo ndiyo inayolipa. Tarehe 11 Machi 2022, huko Birmingham, Alabama, mpiganaji Big E alirushwa nje ya ulingo akatua kwa kichwa na kuvunjika shingo. Hajapigana tena tangu siku hiyo. Owen Hart aliteremshwa kwa kamba kutoka darini mwa ukumbi wa Kansas City tarehe 23 Mei 1999 ili aingie kwa mbwembwe. Kishikizo kikaachia kabla ya wakati, akaanguka na kufa.

Hata refa ana kazi mbili. Mbele ya watazamaji huhesabu hadi tatu. Kwa siri, kupitia kifaa kilicho sikioni, hupokea maagizo ya muda na kuwanong'onezea wapiganaji. Akiinua mikono juu na kuikutanisha kama alama ya kuzidisha, mara nyingi maana yake ni kwamba mtu ameumia kweli na madaktari waje. Mashabiki wazoefu wanaijua ishara hiyo. Wakiiona, kelele hukatika ghafla.

Kwa ufupi, katika pambano la WWE:

- mshindi, kisa na hatua kubwa hupangwa;
- maumivu, ajali na uchovu havipangwi;
- wala haipangwi namna umati utakavyopokea, na hapo ndipo shabiki anapoingia.

Watu wa pwani hawana sababu ya kushangazwa na mchanganyiko huu. Ukiondoka Garsen ukashika barabara ya Witu mpaka Lamu, utafika kwa watu wanaocheza kirumbizi, wanaume wawili wakikabiliana kwa bakora katikati ya duara, ngoma na zumari zikilia, harusini au wakati wa Maulidi. Fimbo ni fimbo kweli, na asiyejikinga ataumia. Hata hivyo hakuna anayekwenda kumjeruhi mwenzake. Watu wanatazama ustadi, madaha na ujasiri. Huko Makunduchi, Unguja, kila Julai katika sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa mabua ya mgomba mbele ya kijiji kizima, na ugomvi ukishamalizwa kwa njia hiyo watu huendelea na sherehe. Hakuna anayesimama pembeni kuuliza kama ni kweli au ni uongo. Aliyelelewa karibu na desturi hizi hahitaji kuelezwa na Marekani kwamba pigano linaweza kuwa tamasha na bado likawa na uzito.

Stelingi, adui, na mwaka wa mwisho wa Cena

Katika vibanda vya video, mhusika mkuu wa filamu huitwa stelingi, na anayempinga huitwa adui. Mieleka hutumia mpango huo huo, ila ina jambo moja ambalo filamu hazina: stelingi anaweza kuamka siku moja akawa adui, na kisa kikaendelea kwa miezi mingi kila wiki. Kugeuka huko ndiko kunakowachoma mashabiki kuliko kichapo chochote.

John Cena alianza kuonekana WWE mwaka 2002. Kwa takriban miaka 20 alikuwa stelingi wa watoto wa dunia nzima. Kaulimbiu yake ilikuwa kutokata tamaa kamwe, na nje ya ulingo alitimiza zaidi ya maombi 650 ya watoto wagonjwa waliotaka kukutana naye. Alipotangaza kwamba 2025 ungekuwa mwaka wake wa mwisho, kila mtu alitarajia ziara ya kuagana, machozi na makofi.

Tarehe 1 Machi 2025, mjini Toronto, Cena alimkumbatia Cody Rhodes, bingwa wa wakati huo, kisha akampiga chini ya mkanda na kumtwanga mpaka damu ikatoka, nyota wa zamani The Rock akiangalia kwa kuridhika. Sidhani kama kuna tukio la mieleka lililosambaa upesi kama hilo katika miaka ya karibuni. Watu ambao hawakuwa wameangalia mieleka tangu shule ya msingi walirudi kuuliza kulikoni.

Halafu kisa kikalegea, na hapa mashabiki wana haki kabisa ya kulalamika. Tarehe 20 Aprili, mjini Las Vegas, Cena alimshinda Cody na kutwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya 17, akaivuka rekodi ya Ric Flair ya mara 16. Ushindi wenyewe ulipatikana kwa msaada wa mwanamuziki Travis Scott, naye The Rock, aliyeuanzisha usaliti wote, hakuonekana hata kidogo. Mtu amemwuza rafiki yake kwa bwana mkubwa, halafu bwana mkubwa haji kuchukua alichonunua? Mtoto anayesimuliwa hadithi na bibi yake angeuliza swali hilo. Waandishi wa WWE hawakuwa na jibu, na mashabiki walilishika swali hilo kwa miezi.

Ilipofika Agosti, siku chache kabla ya pambano la marudiano, Cena aligeuzwa tena kuwa mwema. Tarehe 3 Agosti, huko New Jersey, alipoteza mkanda kwa Cody katika pambano ambalo wengi walilihesabu kuwa bora zaidi la mwaka wake wa kuaga. Septemba Brock Lesnar akamfagia kwa namna ya kudhalilisha mjini Indianapolis. Oktoba akapewa AJ Styles kule Perth, Australia, na wazee hao wawili wakacheza kana kwamba miaka kumi imefutwa. Tarehe 10 Novemba, mjini Boston, karibu na alikozaliwa, akamshinda Dominik Mysterio na kutwaa mkanda wa mabara, ule ambao hakuwa amewahi kuushika maishani. Kabla mwezi haujaisha Dominik akautwaa tena. Na Desemba ndipo Gunther alipomkaba.

Kambi ya kwanza ya mashabiki inasema hivi: mtu aliyewafundisha watoto kutokata tamaa hawezi kumaliza kwa kupiga mkono chini, tena kwa tabasamu. Umati uliokuwa ukumbini Washington uliona hivyo hivyo. Triple H, anayesimamia visa vya WWE, alizomewa vikali alipotokea.

Kambi ya pili inajibu kwa desturi ya zamani ya ulingo: anayeondoka humwachia nguvu zake anayebaki. Undertaker alikuwa ameshinda mapambano 21 ya WrestleMania, onyesho kubwa la kila mwaka la WWE, bila kushindwa, mpaka Lesnar alipomkatiza mjini New Orleans tarehe 6 Aprili 2014. Goldberg naye, Julai 2025 mjini Atlanta, aliaga kwa kushindwa na Gunther huyo huyo. Cena akiondoka na ushindi mfukoni, ushindi huo unakwenda nyumbani naye na haumfaidi mtu mwingine yeyote.

Mimi nakubaliana na kambi ya pili kuhusu matokeo na kambi ya kwanza kuhusu namna. Kushindwa kulikuwa sahihi. Lakini Goldberg hakupiga mkono chini. Alikabwa mpaka akazimia, refa akasimamisha. Cena angeweza kumalizwa vivyo hivyo. Gunther angepata sifa yote aliyoipata, na kaulimbiu ya miaka 20 ingebaki nzima. Hilo lilikuwa kosa la uandishi, na hasira ya mashabiki ilikuwa hukumu ya wasomaji waliofuatilia kitabu kirefu wakaona ukurasa wa mwisho umeharakishwa.

"Ameonewa": kesi ya Kofi Kingston

Katika ubishi wa mieleka neno linalorudi mara nyingi kuliko yote ni hili: ameonewa. Halimaanishi kwamba mpinzani alitumia kiti bila refa kuona. Hilo ni sehemu ya mchezo. Linamaanisha kwamba waliopanga hawakumtendea haki mtu aliyejitoa.

Kofi Kingston alizaliwa Ghana. WWE ilipomwingiza kwenye televisheni mapema 2008, ilimtambulisha kama Mjamaika, naye akawa anaongea kwa lafudhi ya Jamaika. Mwaka 2009 mchezo huo uliachwa, akatambulishwa kama Mghana. Kwa miaka 11 alifanya kazi ya kuwanyanyua wengine. Kisha tarehe 7 Aprili 2019, katika WrestleMania ya 35, alimshinda Daniel Bryan na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE mzaliwa wa Afrika. Walioona siku hiyo wanaikumbuka: wanawe waliingia ulingoni, wenzake Big E na Xavier Woods wakilia.

Ubingwa huo ulimalizika tarehe 4 Oktoba 2019. Brock Lesnar alimwinua, akamtupa, akamhesabia. Pambano zima lilichukua sekunde chache, pungufu ya muda unaohitajika kusoma sentensi hizi tatu. Kofi hakupewa hata pambano la marudiano la maana.

Nadhani hakuna mfano unaoeleza vizuri zaidi kinachowakera mashabiki. Wote walijua Kofi angepoteza mkanda siku moja; hakuna bingwa wa milele. Kilichowauma ni kwamba miezi sita ya kazi, na miaka 11 kabla yake, ilifutwa bila hata kupewa dakika tano za kujitetea. Kijana wa Bangale aliyewahi kufanya kibarua mwezi mzima akaambiwa asubuhi moja kwamba hahitajiki tena haoni kitu kigeni hapo.

Na kisa hakikuishia hapo. Desemba 2024, katika maadhimisho ya miaka kumi ya kundi lao la New Day, Kofi na Xavier Woods walimfukuza Big E kwenye kundi, yeye aliyevunjika shingo kweli, wakimlaumu kwa kutokuwa nao wakati wa shida. Jeraha la kweli liliingizwa katika kisa cha kutunga. Umati ulizomea kwa chuki ambayo haikuwa ya kuigiza. Kuna mashabiki mpaka leo hawajamsamehe Kofi, na kuna wanaosema ndiyo kazi yake bora ya uigizaji. Mimi naona pande zote mbili zinamsifu.

Kwa ufupi, shabiki anaposema mtu ameonewa, mara nyingi anapima mambo haya:

- je, alipewa muda wa kutosha ulingoni;
- je, kushindwa kwake kulimjenga mwingine, au kulipotea bure;
- je, kisa kiliheshimu yale tuliyoyaona miaka iliyopita.

Mganda wa Mississippi

Suala la Kofi kuonyeshwa kama Mjamaika linatupeleka nyuma zaidi, kwenye jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kulijua.

Katika miaka ya 1980 mmoja wa maadui wakubwa wa WWF aliitwa Kamala, Jitu la Uganda. Aliingia akiwa peku, amepakwa rangi usoni, tumboni amechorwa nyota na mwezi, kiunoni ana kitambaa chenye mabaka ya chui, mkononi mkuki na ngao. Hakuongea, aliguna na kujipiga tumbo. Hadithi aliyoundiwa ilimhusisha na ulinzi wa Idi Amin. Alipambana na Hulk Hogan, na baadaye na Undertaker.

Jina lake halisi lilikuwa James Harris, na kwao ni Mississippi. Alilelewa katika umaskini wa kusini mwa Marekani. Aliyekuwa nyuma ya rangi zile alikuwa mtu mpole na mwimbaji. Alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari, na alifariki Agosti 2020. Katika miaka yake ya uzee alilalamika hadharani kwamba alilipwa kidogo kuliko wenzake waliosimama ulingo mmoja naye.

Mashabiki wa umri wangu wanaomkumbuka Kamala wamegawanyika. Wapo wanaosema tulicheka tu, tulijua hakuna Mganda wa namna ile. Mimi siwezi kucheka nalo. Watoto wa Ohio na Manchester hawakuwa na Mganda mwingine wa kumlinganisha naye. Mtu mweusi wa Mississippi alivuliwa kwao akavishwa kwetu, na picha ya kwetu ikawa ni kuguna. Waliodhulumiwa ni wawili: Harris, na Uganda.

Ndiyo maana mashabiki wa leo humtazama kwa makini kila Mwafrika anayeingia: Omos wa Nigeria, mwenye urefu wa zaidi ya futi saba, ambaye wengi wanaona ameachwa akae tu bila kisa, na Oba Femi, naye Mnigeria, mrusha tufe wa zamani wa chuo kikuu. Usiku ule ule wa kuaga kwa Cena, Oba Femi alipangwa na Cody Rhodes uso kwa uso, bingwa wa vijana na bingwa wa wakubwa, wala hakuonekana mdogo. Haguni. Anaingia amesimama wima, anatumia jina la Kiyoruba lenye maana ya mfalme, na anawarusha watu kwa mkono mmoja. Ukitaka kujua kwa nini anashangiliwa sana na vijana wetu, mkumbuke Kamala.

Riyadh ni saa zetu

Kwa shabiki wa Bangale na Garsen, jambo kubwa la miaka ya karibuni pengine ni la saa. Maonyesho ya Marekani huja alfajiri, wakati wa kwenda kukama au kufungua duka. Lakini tangu Aprili 2018, WWE ilipofanya onyesho kubwa mjini Jeddah, imekuwa ikirudi Saudi Arabia kila mwaka. Saa ya Riyadh na saa ya Bangale ni moja. Onyesho la Royal Rumble la Januari 2026 lilifanyika Riyadh, na WrestleMania ya 2027 imetangazwa kufanyika huko huko. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya wengi, WrestleMania itaangukia usiku wao wenyewe.

Katika eneo lenye Waislamu wengi kama hili, maonyesho ya Saudia yamezua mazungumzo ambayo ya Las Vegas hayawezi kuyazua. Tarehe 31 Oktoba 2019, Natalya na Lacey Evans walikuwa wanawake wa kwanza kupigana mieleka ya WWE nchini humo, wakiwa wamevaa nguo zilizofunika mikono na miguu. Wazee wengine wakaona hata hivyo si sawa. Mashabiki wengi vijana walisema lililowagusa ni kwamba wale wawili walilia na kukumbatiana pambano lilipokwisha, adui na stelingi. Mei 2023, Jeddah, Sami Zayn, Mkanada mwenye asili ya Syria, aliingia akiwasalimu watu kwa Kiarabu, umati ukapasuka kwa shangwe. Sijui shabiki Mwislamu wa mieleka ambaye tukio hilo halikumgusa.

Ulingo wa matope

Nimeiacha Mukono, mji wa Uganda, hadi mwisho kwa sababu ndiko ninakotaka macho yetu yaelekee.

Mukono iko mashariki ya Kampala, mwendo mfupi kwa gari. Huko Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, ambaye aliwahi kuitangaza mieleka ya Marekani kwa Kiganda, alianzisha Soft Ground Wrestling mwaka 2023. Hakuwa na fedha za ulingo. Alisimamisha nguzo za miti, akafunga kamba, chini akaacha udongo uliolowa. Vijana wa kike na wa kiume, wengi wao wasio na ajira, wakajifunza kuruka kutoka kwenye kamba na kutua kwenye matope. Video zao zikazunguka dunia, na wapiganaji wakubwa wa Marekani wakazisambaza.

Waganda wa kweli, wenye majina waliyojipa wenyewe, sasa wanatazamwa na watoto wa Ohio na Manchester. Kamala amejibiwa, na aliyemjibu hakuomba ruhusa ya mtu.

Mashabiki wetu wanawapenda, lakini hawawapi sifa za bure, na hilo ni dalili ya heshima. Lalamiko ninalolisikia ni kwamba vipande vinavyowafikia ni vifupi mno. Unaona msichana akipaa, unaona matope yakiruka, video imekwisha. Humjui ni nani, hujui huyo aliyeangukiwa alimkosea nini, hujui kama wiki iliyopita walikuwa marafiki. Sakafu laini inalinda mgongo, na mruko wao ni mzuri kushinda wa wengi wanaolipwa mamilioni. Kinachotakiwa sasa ni visa: usaliti unaochukua miezi kuiva, mkanda wenye historia, stelingi ambaye watu watamlilia akigeuka. Kiswahili kinaweza kubeba visa hivyo kutoka Mukono hadi Busia, Mombasa, Garsen na Bangale, na watangazaji wa vibanda vya video, waliozoea kusimulia filamu nzima kwa pumzi moja, tayari wanayo kazi hiyo mdomoni. Akipatikana mmoja wao wa kukaa kando ya ulingo wa Mukono kila wiki na kueleza nani kamwonea nani, vijana wa Bangale watakuwa na kitu cha kubishania saa mbili usiku, kwa saa zao, kuhusu watu wanaotamka majina yao bila kuuma ulimi.